Sura ya Tano: Kutoka Kibera hadi Namugongo kwa Miguu

Kila mwaka baada ya Pasaka, swali lile lile hurudi katika jumuiya ndogo ndogo za Laini Saba na Lindi kule Kibera, na za Gatina na Congo kule Kawangware. Sala imekwisha, matangazo yanasomwa, na mtu anainua mkono: "Mimi naenda Industrial Area kwa miguu na kurudi, siku sita kwa wiki. Mbona nisiweze kutembea mpaka Namugongo?"

Unaweza. Lakini kuna mambo mawili ya kutengeneza kabla hujatoka. La kwanza ni miguu, na mtu wa mtaani amekwisha kuanza kuitengeneza bila kujua. La pili wengi hawalifikirii mpaka wamevuka mpaka: jinsi ya kuzungumza na watu utakaowategemea kwa maji, kwa njia na kwa pa kulala. Nimewaona wenye miguu ya chuma wakinyimwa hata kivuli kwa sababu walifika kwenye ua wa mtu wakiuliza swali kabla ya salamu. Ndiyo maana sehemu kubwa ya sura hii inahusu lugha.

Namugongo ni wapi, na kwa nini tarehe 3 Juni

Namugongo iko kaskazini-mashariki mwa Kampala, kiasi cha kilomita 12 kutoka katikati ya jiji. Hapo ndipo Karoli Lwanga na wenzake, wengi wao vijana waliohudumu ikulu, walipochomwa moto tarehe 3 Juni 1886 kwa amri ya Mwanga wa Pili, Kabaka wa Buganda. Kabaka ni cheo cha mfalme wa Waganda. Wafiadini, yaani watu waliouawa kwa ajili ya imani yao, wanaokumbukwa ni 45: Wakatoliki 22 na Waanglikana 23, waliouawa mahali mbalimbali kati ya 1885 na 1887. Papa Paulo wa Sita aliwatangaza wale 22 kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, na mwaka 1969 akafika Namugongo mwenyewe. Watu wa Kawangware wana kumbukumbu ya karibu zaidi. Asubuhi ya tarehe 27 Novemba 2015 Papa Fransisko alikuwa Kangemi, jirani kabisa, katika kanisa la Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Kesho yake alikuwa anaadhimisha misa Namugongo.

Kuna habari nyingine ambayo hujaji wa Kenya anastahili kuijua. Njia yake, ile ya kuingia Buganda kutoka mashariki, ndiyo iliyoleta balaa lenyewe. Mwaka 1885 Askofu James Hannington wa Kanisa la Anglikana alitoka pwani kwa miguu na msafara wa wapagazi, akakatiza nchi ya Wamaasai, akafika kwa Sundu, ambako sasa ni Mumias. Aliwaacha wengi wa watu wake hapo, akaendelea na wapagazi wapatao 50. Kule Buganda iliaminika kwamba watakaoiteka nchi watatokea mashariki, na wakati huo Wajerumani walikuwa wakijitwalia ardhi upande wa pwani. Hannington alikamatwa Busoga, akauawa tarehe 29 Oktoba pamoja na wengi wa wapagazi wake. Yosefu Mukasa Balikuddembe, mkubwa wa wahudumu wa ikulu, alimkemea Kabaka kwa mauaji hayo, naye akauawa tarehe 15 Novemba. Aliyebaki kuwalea wale vijana ni Karoli Lwanga.

Kwa hiyo ukivuka Busia na kuelekea Iganga, umekwisha kuingia katika habari yenyewe, hata kama Namugongo bado iko mbali. Nakuomba ukipita Busoga uwakumbuke wapagazi wale. Walikuwa watu wa kibarua, waliolipwa kubeba mizigo ya wengine, na majina yao hayamo katika wale 45.

Uanzie wapi?

Nairobi hadi Namugongo, kwa barabara ya Nakuru na Eldoret kupitia Malaba, ni zaidi ya kilomita 600. Ukitembea kilomita 30 kwa siku na kupumzika Jumapili, hizo ni kama siku 25. Maana yake utoke karibu tarehe 8 Mei, mvua ya masika ikiwa bado inanyesha. Njia hiyo ina mazuri yake. Ukiteremka bonde kuelekea Mai Mahiu utapita kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano mwaka 1942, na kikundi cha watu wachache kinajaa ndani. Ina magumu yake pia. Timboroa iko zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya alfajiri huko si ya kuvaliwa fulana moja.

Lakini tuseme ukweli kuhusu Kibera na Kawangware. Wengi wetu tunalipwa kwa siku. Anayefua nguo za watu Kilimani, anayebeba zege Lavington, anayeuza mboga pale kituo cha 46 Kawangware, siku asipofanya kazi hapati kitu, na mwenye nyumba anataka kodi tarehe 5. Mwezi mzima bila mapato unaweza kuvunja nyumba. Ushauri wangu kwa anayekwenda mara ya kwanza ni huu: panda basi hadi Busia, kisha utembee kutoka hapo. Busia hadi Namugongo ni kama kilomita 190, kwa kupitia Bugiri, Iganga, Jinja, Lugazi na Mukono. Ni kazi ya wiki moja. Wiki moja jumuiya inaweza kuichangia, kila mtu akiweka kidogo kila Jumapili kuanzia Januari. Hija ni kwenda mahali patakatifu kwa nia ya kusali. Hakuna aliyeandika kwamba ni lazima ianzie kizingitini pako, na atakayekudharau kwa kupanda basi hajui unaowalisha.

Miguu

Kutembea kwenda kazini kumekupa pumzi na uvumilivu. Hakujakupa ngozi. Safari ya kazini inakwisha, unavua viatu, unapumzisha nyayo usiku kucha. Hija inakuamsha siku ya tatu na vidonda vya siku ya pili. Zoezi linalofaa, basi, ni kutembea mbali siku mbili mfululizo. Watu wa Kibera wanaweza kwenda Bustani ya Ufufuo kule Karen, alikozikwa Kadinali Otunga, wakasali na kurudi. Wa Kawangware washike Ngong Road kuanzia Dagoretti Corner mpaka mji wa Ngong na kurudi, karibu kilomita 30. Fanya hivyo Jumamosi, kisha Jumapili utembee tena hata nusu yake. Hapo utajua. Mwenye nafasi ajipime mwaka mmoja kabla kwa kutembea kutoka Nakuru hadi Subukia, kwenye hija ya kitaifa ya Bikira Maria ya mwezi wa Oktoba.

Viatu tunanunua mtumba, na Toi Market vizuri vipo. Nenda jioni, miguu ikiwa imevimba kwa kazi ya siku, na uende na soksi utakazovaa. Ukivaa kiatu, kidole gumba cha mkono kiweze kulala kati ya kidole kirefu cha mguu na ncha ya kiatu. Barabara ya mteremko husukuma vidole mbele, na kiatu kinachobana kitaondoka na kucha. Kikunje: kiatu kizuri kinakunjika penye vidole, hakikunjiki katikati. Geuza soli uone kama imelika upande mmoja, kwa sababu mwenye kukivaa kwanza alikuachia mwendo wake. Kisha kivae miezi miwili kabla ya safari. Akala ni nzuri kwa matope na kwa jioni, lakini usizitegemee kwa safari nzima kama hujazizoea.

Lengelenge huanza kwa joto. Ukisikia sehemu ya mguu inaungua, simama hapo hapo, hata kama kikundi kinaimba na kusonga. Vua, kausha, paka mafuta ya mgando, bandika plasta, badilisha soksi. Dakika tano hizo zinaokoa siku tatu. Lengelenge dogo liache. Likiwa kubwa na linakuzuia kukanyaga, litoboe pembeni kwa sindano iliyosafishwa kwa spiriti, bonyeza maji yatoke, lakini usiibambue ngozi ya juu.

Tembea upande wa kulia wa barabara, ukiyatazama magari yanayokuja. Anza kunapopambazuka, pumzika jua la saa sita hadi saa tisa, na uwe umefika kabla ya giza. Malori ya barabara hii hayalali. Wa mbele na wa mwisho kwenye mstari wavae jaketi zinazong'aa.

Kwa ufupi: mazoezi miezi mitatu, viatu miezi miwili, na ukisikia mguu unaungua, simama.

Karatasi, pesa na malaria

Mkenya mwenye kitambulisho cha taifa anaruhusiwa kuingia Uganda bila pasipoti. Makubaliano hayo ya Kenya, Uganda na Rwanda yalianza 2014. Asiyetimiza miaka 18 ana utaratibu wake, kwa hiyo mzazi aulize Uhamiaji, Nyayo House, mapema. Beba kadi ya njano inayoonyesha umechanjwa homa ya manjano. Kikundi kiwe na barua ya paroko yenye muhuri, majina yote na namba ya simu ya parokia, nakala tano. Barua hiyo itakufungulia ukumbi wa parokia usiyoijua usiku wa mvua.

Pesa badilisha kwa duka lenye leseni, ukiwa umekwisha kuuliza bei ya siku hiyo. Kwa miaka hii shilingi moja ya Kenya imekuwa kati ya 25 na 30 za Uganda. Usibadilishe zote.

Malaria ndiyo inayonitia hofu kuliko magari. Sisi wa Nairobi tunaishi juu, kwenye baridi, na mtoto aliyekulia Kawangware huenda hajawahi kuugua malaria hata mara moja. Busia na Busoga malaria ni ya mwaka mzima. Nenda kliniki wiki mbili kabla, uombe vidonge vya kuzuia, na uvimeze mpaka siku ya mwisho uliyoandikiwa, hata ukiwa umerudi nyumbani. Beba chandarua. Ukipata homa wiki kadhaa baada ya kurudi, mwambie daktari ulikuwa Uganda, ili asikutibu mafua.

Na kama tumbo likiharibika njiani: lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa flati. Kunywa kidogo kidogo.

Lugha unazo tayari

Watu huniuliza kama watahitaji Kiingereza. Njiani, kati ya Busia na Mukono, Kiingereza ni cha ofisi na shule. Mama anayechota maji kisimani hatakusaidia kwa Kiingereza.

Lakini tazama kikundi chako. Kwenye plot moja ya Kibera wako Wajaluo, Waluhya, Wakamba, Wakisii na Wanubi. Kawangware ina Waluhya wa kila ukoo. Sasa itazame barabara. Wasamia wako pande zote mbili za mpaka wa Busia, na neno "Mulembe" linawatosha kuanza. Wateso wako pande zote mbili za Malaba. Ukipitia Tororo utawakuta Wajopadhola, na lugha yao ni ya ukoo mmoja na Kijaluo. Mjaluo wa Gatwekera kule Kibera akiongea polepole ataelewana nao. Mbukusu akikutana na Mmasaaba wa Mbale hawahitaji mkalimani. Kwa hiyo kabla ya kutoka, kaeni chini mwandike nani anajua lugha gani, na kila sehemu ya njia mwenye lugha yake atangulie. Katika vikundi vingi anayetangulia ni katekista au mwenye sauti nzuri. Mweke mbele yule ambaye wenyeji watamwelewa.

Kutoka Iganga hadi Jinja ni Lusoga. Salamu ya hapo ni "Kodheyo," na utajibiwa "Kaile." Jinja kwenda mbele ni Luganda.

Na Kiswahili je?

Mwaka 2022 baraza la mawaziri la Uganda lilipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kifundishwe shuleni. Madereva, wachuuzi, polisi na watu wa mpakani wanakijua. Lakini kwa miaka mingi Buganda ilikisikia kutoka kwa wanajeshi, hasa enzi za Idi Amin, 1971 hadi 1979. Mzee wa miaka 70 wa Lugazi alikisikia kwenye vizuizi vya barabarani, kikiwa amri. Ukimwendea na sauti yetu ya Nairobi, "Wee mzee, barabara ya Namugongo ni gani?", moyo wake unafunga. Hajakuchukia wewe. Mwamkie kwanza kwa lugha yake, kisha umuulize kwa upole, "Omanyi Oluswayiri?" Unajua Kiswahili? Wengi watatabasamu na kujaribu.

Na kuna jambo la kumpa moyo msemaji wa Kiswahili. Wamisionari wa kwanza walipofika ikulu ya Kabaka walianza kufundisha kwa Kiswahili, na waongofu wakaitwa wasomaji. Mpaka sasa Mganda akisema anakwenda "okusoma" siku ya Jumapili, anakwenda kanisani.

Salamu kabla ya swali

Salamu ya Kiganda ina urefu wake, na huo urefu usiukate. Umefika kwenye ua asubuhi. Bibi ameketi mkekani akimenya ndizi. Usimuulize kitu umesimama. Shusha mzigo, inama. Wanawake na wasichana wa huko hupiga magoti wakiwaamkia wakubwa, na mgeni halazimishwi, ila akichuchumaa anapendeza. Sema, "Wasuze otya, nnyabo?" Umelalaje, mama? Atajibu, "Bulungi, wasuze otya?" Nawe, "Bulungi." Huenda akaongeza, "Agafaayo?" Habari za huko? Ujibu, "Nungi." Kisha atatoa sauti ya "mmm" na wewe umrudishie "mmm," mara moja au mbili. Hapo salamu imekamilika, na hapo ndipo unaweza kuomba maji. Mara nyingi hutahitaji kuomba.

Maneno mengine ya kuweka kichwani:

- Ssebo: heshima kwa mwanamume. Nnyabo: kwa mwanamke.
- Osiibye otya? Umeshindaje? Kwa mchana na jioni.
- Gyebale ko: hongera kwa kazi. Mwambie kila unayemkuta akilima au akichuuza.
- Weebale nnyo: asante sana. Wakiwa wengi: Mweebale nnyo.
- Tuli balamazi, tuva Kenya: sisi ni mahujaji, tunatoka Kenya.
- Nsaba amazzi: naomba maji.
- Ekigere kinnuma: mguu unaniuma, penye unyayo.
- Ndi mulwadde: naumwa. Eddwaliro liri wa? Hospitali iko wapi?
- Ssente mmeka? Pesa ngapi?

Mkatoliki akitafuta pa kulala aulize "Ekeleziya eri wa?" Ukisema "ekkanisa" utapelekwa kwa Waanglikana. Watakupokea vizuri, lakini paroko anayekungoja yuko kwingine.

Saa wanahesabu kama sisi. Ssaawa bbiri ya asubuhi ni saa mbili. Namba nazo ni ndugu: emu, bbiri, ssatu, nnya, ttaano. Shida iko kwenye pesa. Olukumi ni elfu moja. Omutwalo ni elfu kumi. Ukiambiwa kitu ni emitwalo ebiri, ni shilingi 20,000 za Uganda, karibu 700 zetu. Mahujaji wengi husikia "ebiri," wakatoa elfu mbili, na ugomvi ukaanza bila sababu.

Chakula: posho ni ugali, gonja ni ndizi tamu ya kuchoma utakayouziwa Najjembe, katikati ya msitu wa Mabira, na rolex ni chapati iliyokunjwa na mayai. Taxi ni matatu. Boda boda haina haja ya tafsiri. Neno lenyewe lilizaliwa kwenye mpaka huu unaouvuka, kwa vijana wa baiskeli waliopakia watu kutoka kituo cha nchi moja hadi cha nchi nyingine.

Kwa ufupi: salamu kwanza, heshima ya ssebo na nnyabo kila mara, na mwenye lugha atangulie.

Kufika

Daraja la Jinja lililofunguliwa 2018 lina ulinzi. Usipige picha juu ya Nile mpaka umeuliza askari.

Namugongo kuna sehemu mbili takatifu, na umbali kati yake ni wa kutembea. Ya Wakatoliki ni basilika, yaani kanisa lililopewa hadhi ya pekee na Papa. Limejengwa kwa umbo la nyumba ya msonge, kwa nguzo 22 za shaba, moja kwa kila mtakatifu, na kando yake kuna ziwa dogo ambako mahujaji huchota maji ya kupeleka nyumbani. Ya Waanglikana iko Nakiyanja, na ina makumbusho yanayoonyesha jinsi vijana walivyofungwa kwenye matete na kuchomwa. Wa Kibera walio Waanglikana wa ACK na walio Wakatoliki wanaweza kutembea pamoja mpaka Kireka, karibu na Namugongo, na kukutana tena jioni. Ningependa wengi zaidi wafanye hivyo, maana wafiadini wa hapa wenyewe waliuawa pamoja.

Panga kufika tarehe 1 Juni, siku ya Madaraka kwetu. Tarehe 2 uwanja umekwisha kujaa. Ukaguzi ni mkali, na sababu ipo: asubuhi ya tarehe 3 Juni 2025 kulitokea mlipuko karibu na kanisa la wafiadini la Munyonyo, upande mwingine wa Kampala. Pita langoni bila kisu wala chupa ya glasi, simu iwe mfuko wa ndani, na kikundi kikubaliane mapema mahali pa kukutana mtandao ukilemewa, kwa sababu utalemewa.

Tarehe 3 ni sikukuu ya taifa Uganda, na misa ikiisha maelfu ya watu hutafuta usafiri kwa wakati mmoja. Mtu mmoja wa kikundi aingie Kampala tarehe 1 au 2 akanunue tiketi za basi la Nairobi za tarehe 4. Na kwenye basi vueni viatu, miguu iwekwe juu ya mizigo. Safari ni ya nusu siku na zaidi, na nyayo zilizovimba zikining'inizwa muda wote huo hazitaingia tena kwenye viatu vya kazi Jumatatu.